Mashine ya kuosha vyombo inaosha ila haipashi maji: usikimbilie kununua bodi

Swali: Fundi, nina mashine ya kuosha vyombo ya mtumba iliyotoka Ujerumani, na huu ni mwaka wa pili tunaitumia hapa Mbezi Beach. Inaingiza maji, inaosha, inamwaga, wala haionyeshi alama yoyote ya kosa. Lakini vyombo vinatoka vya baridi na mafuta yake, na kidonge cha sabuni nakikuta hakijayeyuka nusu yake. Fundi aliyekuja alisema bodi imekufa, ninunue nyingine. Maji tunapata kutoka kwenye tenki lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

Jibu: Dada, bodi, yaani kadi ya umeme inayoiongoza mashine, huenda kweli imekufa. Ila kwa ugonjwa huu bodi hushukiwa mwisho, na ndiyo ghali kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya mashine. Hita haiwaki kwa sababu tu umebonyeza kitufe. Inasubiri ruhusa: mlango uwe umefungwa, maji yawe yametosha, pampu iwe inayasukuma kweli, na sensa iseme maji bado ni ya baridi. Hapo ndipo bodi inafunga relei, yaani swichi inayoiendesha yenyewe, na umeme unafika kwenye hita. Mmoja katika mnyororo huo akigoma, hita inabaki baridi ingawa ni nzima kabisa, na baadhi ya mashine zinamaliza programu bila kulalamika. Kwa hiyo tuufuate mnyororo kuanzia mwisho usiohitaji bisibisi.

Kwanza hakikisha kwamba kweli haipashi. Programu nyingi za haraka, zile za dakika 30 hivi, hufikia nyuzi 35 hadi 45 tu, na ile ya kusuuza peke yake haipashi kabisa. Chagua programu ya vyombo vichafu sana, inayoandikwa 65 au 70, na uiendeshe bila vyombo. Usipime joto mwanzoni, maana dakika za kwanza ni suuza ya awali ya maji baridi. Joto linatakiwa kwenye osho kuu na kwenye suuza ya mwisho.

Sasa nenda kwenye mita ya umeme ya LUKU. Zima friji, pasi, viyoyozi, hita ya bafuni na pampu ya maji, ibaki mashine hii peke yake. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake taa inapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Hita nyingi za mashine za Ulaya ni za wati 1,800 hadi 2,150. Ikiwaka hita ya wati 2,000, taa hiyo itapepesa karibu kila sekunde 2. Ikizunguka pampu peke yake, ambayo mara nyingi haifiki hata wati 100, utasubiri nusu dakika au zaidi kati ya mpepeso na mpepeso. Kama mita yako ni ya 1600, hita ikiwaka itapepesa kila sekunde moja na kidogo. Kaa nayo kuanzia dakika ya 10 hadi ya 45. Kipimo hiki hakina gharama na hakimgusishi mtu na umeme. Fundi mwenye mita ya kubana waya atapata jibu lile lile kwa namna nyingine: ampea 8 hadi 9 hita ikiwaka, chini ya moja isipowaka.

Jibu la taa linagawa njia mbili.

Ikiwa taa inapepesa haraka kwa dakika kadhaa na bado vyombo vinatoka baridi, hita inafanya kazi na joto linatoroka. Mtoroshaji mkubwa ni mpira wa kutolea maji. Mpira huo lazima upande juu, angalau sentimita 40 kutoka sakafuni, ndipo ushuke kwenye bomba la maji machafu. Kwenye nyumba zetu mara nyingi mpira umelazwa chini na kuingizwa moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni. Maji yakishaanza kushuka yanajivuta yenyewe: mashine inajaza, maji yanaondoka, inajaza tena, na hita inapasha maji yasiyokaa. Dalili yake ni sauti ya maji kuingia tena na tena katikati ya osho, na tenki linaloisha haraka kuliko kawaida. Funga mpira kwa kamba nyuma ya sinki, juu kabisa chini ya meza ya jiko, uone kama mambo yanabadilika. Usivuke mita moja hivi, pampu ya kutolea ni dhaifu.

Ikiwa taa ni ya polepole muda wote, hita haipati umeme au imekatika. Hapo bado usifungue mashine. Anza na maji, na kwa nyumba yenye tenki la mnarani ningeshuku maji kabla ya chochote.

Kila mita moja ya kimo inatoa shinikizo la takriban 0.1 bar. Tenki lililo mita 3 juu ya mashine linatoa 0.3 bar, wakati mashine nyingi zimetengenezwa kwa 0.5 bar kwenda juu, yaani kimo cha mita 5 hivi, na tenki likiwa limefika nusu unapungukiwa zaidi. Maji yanaingia, ndiyo, lakini kwa uvivu. Mashine inayojaza kwa kuhesabu muda itafunga valvu kabla maji hayajatosha. Pampu itavuta maji na hewa, mikono ya kurushia itazunguka kwa kusitasita, na swichi inayolinda hita itasema hapa hakuna maji ya kutosha. Inasema hivyo kwa faida yako, kwa sababu hita ikiwaka bila maji kuipitia inajiunguza kwa muda mfupi sana.

Kupima ni rahisi. Fungua mpira wa kuingizia maji kutoka nyuma ya mashine, uelekeze kwenye ndoo, fungua koki mpaka mwisho kwa dakika moja. Lita 10 au zaidi, uko salama. Lita 4 au 5, umeshapata mshukiwa. Kabla ya kulaumu tenki, chomoa kichujio kidogo cha wavu kilichopo kwenye mdomo wa valvu ya mashine. Kinashika mchanga, kutu na vipande vya plastiki vya tenki, na kinaweza kuziba chote kwa miezi michache. Kivute kwa koleo taratibu, kisuuze, kirudishe. Kama wavu ni msafi na maji bado ni kidogo, tiba ni pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, ile inayojiwasha koki ikifunguliwa, au kuinua tenki.

Kisha fungua mlango mara tu baada ya maji kuacha kuingia na pampu kuanza. Subiri sekunde chache yatulie, utazame chini. Maji yanatakiwa yasimame wazi kuzunguka kichujio cha chini. Ukiona kichujio kiko kikavu juu, maji hayajatosha. Hapo hapo toa kichujio hicho ukioshe kwa brashi, na uchomoe mikono yote miwili ya kurushia maji. Chungulia matundu yake dhidi ya mwanga. Mbegu ya ndimu, punje ya wali na kipande cha mfupa wa samaki ndivyo vinavyokutwa humo. Mkono uliojaa uchafu unapunguza mkondo, na mkondo mdogo unamaanisha hakuna joto.

Umeme nao una yake. Mashine ya Ujerumani inakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, na wengi wanaiunganisha kwa adapta ya bei rahisi. Adapta hiyo inabeba ampea karibu 9 kwa dakika nyingi mfululizo. Ishike baada ya osho, na ikiwa ya moto au imebadilika rangi, itupe. Kibaya zaidi, adapta nyingi haziunganishi waya wa ardhi, na chombo chenye maji na hita bila ardhi ni hatari kwa aliyesimama pekupeku jikoni. Kata plagi ya zamani, funga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya 13: kahawia ni waya wa moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ardhi. Chomeka ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea. Kama umeweka stabilaiza ya friji, iondoe, haina ubavu wa wati 2,000. Na ujue kwamba umeme ukishuka hadi volti 190, hita ya wati 2,000 inatoa takriban 1,360 tu. Haitakuwa baridi kabisa, itakuwa ya uvuguvugu na programu itajivuta.

Ukifika hapa na maji yanatosha, umeme ni mzuri, taa ya mita bado inasinzia, ndipo fundi afungue mashine. Plagi itoke ukutani kwanza, siyo kubonyeza kitufe cha kuzima, na koki ifungwe. Maji yaliyobaki chini ya kichujio yafyonzwe kwa sponji, na ya kwenye chombo cha chumvi ya kulainisha maji pia, kwa sababu mashine ikilazwa maji hayo ya chumvi yanamwagikia nyaya na bodi. Skrubu nyingi ni za nyota, T20 au T15. Mabati ya ubavuni na ya chini yanakata mkono kama wembe, avae glavu.

Hukutaja jina la mashine, na kuna maumbo mawili makubwa. Katika mashine za zamani hita ni kipande cha peke yake, ama bomba lililojikunja sakafuni mwa sanduku la kuoshea, ama silinda fupi kwenye njia ya maji kutoka pampu. Katika mashine nyingi za karibuni, zikiwemo za Bosch na Siemens, hita imo ndani ya pampu ya kuoshea na vyote viwili hubadilishwa kwa pamoja. Kupima ni kule kule. Toa nyaya za hita, weka mita ya fundi (multimita) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusa miguu yake miwili. Volti 230 zidisha kwa 230, gawanya kwa 2,000, unapata omu 26. Kwa hiyo chochote kati ya 24 na 30 ni hita nzima. Mita ikionyesha OL au 1 iliyobaki peke yake kushoto, njia imekatika.

Lakini asikimbilie kusema hita imekufa kabla hajaona kilichopo katikati. Kwenye hita za silinda kuna kinga ya joto, kifundo kidogo kilichobanwa mwilini mwake, ambacho kinakata njia joto likizidi. Baadhi vina kitufe cha katikati cha kurudisha. Kikibonyezwa kinalia tik na hita inarudi. Kama kinga imekatika, swali ni nini kilipandisha joto, na jibu mara nyingi ni ukoko mweupe wa chokaa au pampu iliyokuwa ikivuta hewa. Ukiirudisha bila kuondoa chanzo utarudi pale pale.

Kipimo cha pili cha hita hufanywa na wachache, na ni kosa kukiruka. Mita iwekwe kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, ncha moja kwenye mguu wa hita, nyingine kwenye bati la mashine. Isionyeshe chochote. Ikionyesha maelfu au laki za omu, hita inavuja kwenda ardhini. Inaweza kuwa na omu 26 nzuri kabisa na bado ikawa imepasuka ngozi, na ndiyo hiyo inayoangusha sakiti breka ya usalama dakika chache baada ya joto kuanza. Hita ya namna hiyo haitengenezwi.

Hita ikiwa nzima, tazama swichi ya presha, kwa mashine zilizo nayo. Ni kisahani cha plastiki chenye ngozi ya mpira ndani, kimekaa juu ya silinda ya hita au kando yake. Kitoe, puliza polepole kwa mdomo kwenye kitundu chake: kinatakiwa kilie tik, na mita ionyeshe njia imefungwa. Kisipolia, chunguza kitundu. Mafuta ya vyombo yanaganda humo na kuwa ute mzito wa kijivu, unaziba kabisa, na swichi haihisi maji hata yakiwa tele. Utoe kwa kijiti na maji ya moto yenye sabuni, si kwa msumari, ngozi inatoboka. Mashine mpya zisizo na swichi hii zinapima mzigo wa mota ya pampu, kwa hiyo kwao ule uchafu wa kichujio na mikono ndiyo swichi yenyewe.

Halafu sensa ya joto. Hii ni ya hila, kwa sababu inaweza kudanganya bila kuonyesha kosa. Omu zake hupungua maji yanapopata joto. Ikikatika kabisa bodi hujua na kulalamika, lakini ikizeeka na kutoa omu chache, bodi inaamini maji tayari yana nyuzi 60 na haiwashi hita. Nyingi ni za kilo-omu 10 kwa nyuzi 25. Kwa joto la chumba la Dar, nyuzi 30, itasoma kama 8. Itumbukize kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 60 na itashuka hadi 2.5 hivi. Watengenezaji wengine wana namba tofauti, kama 5 au 20. Unachotafuta ni mteremko: ishuke taratibu bila kuruka, ifike chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa. Isiposogea, au ikianza ikiwa chini sana ingali baridi, ibadilishwe. Ni kipande cha bei ndogo.

Nyaya sasa. Pale waya wa kwenda mlangoni unapopita kwenye bawaba, unakunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka unakatika ndani ganda likiwa zima. Apime njia huku akifungua na kufunga mlango. Namba ikicheza, ni hapo. Na chini ya mashine hakuna baridi wala mwanga, kwa hiyo panya wanaguguna na mende wanalala kwenye bodi kwa ajili ya joto, wakiacha kinyesi kinachokula shaba. Atazame pia vibano vya nyaya kwenye hita. Kibano kilicholegea kinachoma plastiki yake ikawa ya kahawia na kumeguka, na ndicho mara nyingi kinachoua relei ng'ambo ya pili.

Hapo tu ndipo tunafika kwenye bodi. Fundi aigeuze, atafute relei ya hita, kisanduku cheusi au cha rangi nyingine chenye maandishi 16A 250V, kinachofuatwa na nyaya nene kuliko nyingine. Atazame miguu yake kwa lenzi chini ya taa kali. Mara nyingi utaona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, kama ufa kwenye ukingo wa sarafu. Hiyo ni lehemu iliyochoka kwa kupata moto na kupoa maelfu ya mara. Aifyonze ya zamani, aweke mpya, na mara nyingi kazi imekwisha. Kama miguu ni mizima, relei yenyewe inabadilishwa kwa nyingine yenye volti zile zile za koili, kwa kawaida 12, na uwezo usiopungua ampea 16. Bodi nzima inunuliwe tu ikiwa njia za shaba zimeungua na kukatika, au imemwagiwa utomvu mgumu usiotoka.

Kuna jambo ambalo asikubaliwe kulifanya hata kidogo: kuunga waya kupita relei, kinga au swichi ya presha ili "tuone kama itawaka". Itawaka, na haitazimika maji yakiisha. Ndani kuna plastiki tele.

Ikibidi kuagiza pampu yenye hita au bodi, usiagize kwa jina la mashine. Kwenye ukingo wa mlango kwa ndani kuna bati au karatasi yenye namba ya modeli. Kwa Bosch, Siemens na Neff ni E-Nr, na kando yake FD, namba ya tarehe ya kutengenezwa. Tarakimu mbili za mwanzo za FD ukizijumlisha na 1920 unapata mwaka, kwa mfano 94 ni 2014. Piga picha, mpe muuza vipuri zote mbili, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na pampu mbili tofauti kulingana na mwaka.

Baada ya matengenezo, iendesheni tupu kwenye programu ya 70 mkiwa na gramu 100 za asidi ya sitriki sakafuni mwa sanduku, kuondoa ukoko. Ndimu mbili tatu hazifiki hapo, na siki ikizoeleka inakausha mipira. Kama mnatumia maji ya kisima, jazeni chombo cha chumvi kwa chumvi ya mashine, ile ya chenga kubwa, siyo ya mezani. Angalieni taa ya LUKU: inatakiwa ikimbie mfululizo kwa dakika 15 hadi 25 kwenye osho kuu, itulie, kisha ikimbie tena kwenye suuza ya mwisho. Mara inapotulia mara ya kwanza, fungua mlango kwa tahadhari ya mvuke na uchovye kipimajoto cha jikoni kwenye maji ya chini. Nyuzi 60 na zaidi, mpe fundi hela yake.